Vituo Vinne vya Novemba

Jamaldin wa Kibokoni alikuwa na kipaji kimoja tu, nacho ni kupanga safari za watu wengine. Yeye mwenyewe alikuwa amevuka Voi mara mbili maishani mwake, na mara zote mbili alirudi na homa. Lakini mpe ramani, rula na simu, atakwambia gari likiondoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi litakuwa wapi saa sita, dereva atie mafuta wapi, na mzungu mwenye haja ashushwe wapi bila kuliwa na simba. Ofisi ya kampuni yao ya utalii ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, Ndia Kuu. Magari manne ya kampuni yalilala gereji, Shimanzi. Tajiri mwenye kampuni haonekani ila pameharibika jambo.

Novemba ya mwaka wa tisini na nne ilianza kwa ukimya. Mwezi huo si wa wageni wala si wa kufunga hoteli, uko katikati tu kama mtu aliyesimama mlangoni. Mvua za vuli hunyesha leo zikakoma kesho, hoteli za mbugani hupunguza bei, ndovu hutawanyika kwa kuwa maji yamejaa kila mahali, na barabara za udongo mweusi hugeuka uji. Madereva watatu walikuwa wamepewa likizo mpaka katikati ya Desemba, na kila mtu alijua likizo ile haina mshahara. Aliyebaki ni Kitsao.

Ndipo ikaingia faksi kutoka kwa wakala wa Uswisi. Wageni sita, wazee wastaafu, siku saba, vituo vinne. Wakiridhika, wengine watafuata kila wiki mpaka Pasaka. Jamaldin aliisoma mara tatu, kisha akakunja mikono ya kanzu yake na kukaa kitako.

Alipanga kwa siku tatu, na nisimnyime haki yake, alipanga vizuri. Mtu mwingine angewapeleka wageni moja kwa moja mbuga ya Mara, wakazame matopeni siku ya pili. Yeye alipiga simu kwa walinzi wa mageti mmoja mmoja akiuliza mvua. Akaanza na Tsavo usiku mmoja, penye udongo mwekundu usioshika gurudumu. Kisha Amboseli siku mbili, maana mawingu yakifunika mlima wa theluji leo huenda kesho yakafunguka. Kisha Naivasha wapumzishe migongo. Mara ikawa ya mwisho, siku mbili, mvua ya wiki ile ikiwa imeshakauka. Halafu wageni washushwe Nairobi uwanja wa ndege, na gari lirudi Mombasa tupu siku ya Jumapili. Alipomaliza aliipiga taipu ratiba ile kurasa mbili, akaitazama kama mtu amtazamaye bibi harusi.

Kitsao alikuja kuichukua Ijumaa. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mfupi, mwingi wa mzaha, miaka kumi na tano kwenye usukani bila kumpindua mgeni. Aliisoma akatikisa kichwa kwa kusifu.

"Kaka Jamaldin, hapa hujakosea. Lakini nina ombi dogo."

"Sema, bwana."

"Keshokutwa tukifika Mariakani, niruhusu nikate kulia niingie Kaloleni. Mama hajisikii. Nimwone tu, nimpe dawa, nitoke."

Jamaldin aliinamia karatasi. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na salamu za Wagiriama hazijui saa. Chakula cha mchana cha Voi kilikuwa kimeagizwa saa saba kamili.

"Saa nzima na ushei, Kitsao! Wazee wa watu hawa. Ukiwalaza njaa siku ya kwanza, watanuna mpaka ya mwisho. Ukirudi nakupa siku tatu, ukae na mamako mpaka akuchoke."

Kitsao alicheka. "Haya. Mama mwenyewe angenifukuza, angesema kazi kwanza." Dawa akampa mtu ampelekee mama.

Jumanne asubuhi, gari likiwa Amboseli, simu ya ofisi ililia. Alikuwa mwanamke, sauti imekauka.

"Mimi Nyevu, dadake Kitsao. Napiga kutoka zahanati hapa Kaloleni. Mama amezidiwa tangu jana, anamtaja Kitsao tu. Sasa tulikuwa tunaomba—"

Papo hapo mashine ya faksi ikaanza kuguguna karatasi, na juu yake Jamaldin akaliona jina la wakala wa Uswisi.

"Pole sana, dada. Nimefahamu. Nitamwambia leo hii."

"Ahsante, lakini kaka, nilitaka—"

"Usiwe na wasiwasi," akasema, akaiweka simu.

Faksi ilikuwa ya furaha. Mgeni mmoja alikuwa amepiga simu kwao kutoka Voi akisema hajapata kuona dereva kama yule, na kundi la Desemba lilikuwa tayari kulipia. Jamaldin alikaa na karatasi ile mkononi, na furaha haikumkaa. Kitsao akiambiwa, atarudi. Ni mamake, nani hatarudi? Na akirudi, wageni sita watabaki Amboseli wakitazamana na nyani, kwa sababu wale watatu wa likizo walikuwa wametawanyika makwao, dereva wa kumpokea angetoka Nairobi, na kumtafuta kungemeza siku nzima. Hapo Naivasha imepotea, Mara imepotea, Desemba imepotea. Akajisemea kwamba wagonjwa huzidiwa na wagonjwa hupata nafuu. Akajisemea pia kwamba atamwambia jioni.

Jioni Kitsao aliita ofisini akatoa ripoti kwa redio ya upepo ya hoteli, kama ilivyokuwa desturi yao kila kituo. Redio ile ilikwaruza, na kila hoteli ya mbugani ilikuwa ikisikia.

"Mlima umefunguka asubuhi nzima!" alipiga kelele. "Mzee mmoja ametoa machozi!"

"Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo," Jamaldin akajibu. Jambo zito kama lile haliambiwi mtu mbele ya masikio ya watu. Naivasha kuna simu, atamwambia kesho kwa utulivu.

Kesho yake simu ya Naivasha ilikuwa safi utadhani Kitsao yuko chumba cha pili. Alieleza ya viboko, akaeleza ya mama wa Kizungu aliyepoteza miwani akaikuta kichwani. Kisha akauliza, "Na huko nyumbani, salama?"

"Salama," alisema Jamaldin.

Hapa hapana pa kujificha. Hakusahau, wala hakupitikiwa. Alilitamka neno lile kwa ulimi wake, mchana, akiwa na akili zake timamu. Alipoweka simu aliufuta mkono wake kwenye kanzu kama mtu aliyeshika kitu cha najisi.

Alhamisi kabla ya adhuhuri simu ililia tena. Safari hii ni mwanamume wa zahanati. Mama amefariki alfajiri, watamzika kesho.

Jamaldin alikwenda nyumbani kula, akakaa mbele ya sinia bila kula. Mkewe Mwanatumu alimtazama.

"Mbona huli? Samaki ana nini?"

"Mamake Kitsao amekufa."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Naye yuwapi?"

"Yuko Mara na wageni."

"Basi usimwambie kitu. Mtu aliye ndiani hapawi msiba. Yuwaweza kulipindua gari na roho saba ndani."

"Ndivyo nilivyoamua."

"Umefanya vyema," Mwanatumu akasema, akamsogezea ndimu.

Pwani nzima yaijua ada hiyo, na ni ada ya huruma. Msafiri huachwa afike, akae, apewe maji, ndipo aambiwe. Lakini ada hiyo ni ya maiti. Hakuna aliyepata kuiweka kwa ajili ya mgonjwa aliye hai, anayemwita mwanawe kwa jina. Jamaldin aliijua tofauti hiyo barabara, ila aliifunika kwa ada kama mtu afunikavyo chakula kilichochacha kwa kawa safi.

Jumapili alasiri alikwenda mwenyewe kumngojea Kitsao gereji. Alimwacha ashuke, akamketisha kwenye kipandio cha gari, akampa maji. Kisha akamwambia.

Kitsao aliinamisha kichwa. "Lini?"

"Alhamisi alfajiri. Wamezika Ijumaa."

"Bora hukuambiwa njiani," alisema Mung'aro, fundi wa gereji, aliyekuwa amesimama na spana yake.

Kitsao aliinuka akaushika mkono wa Jamaldin kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Kweli. Ungenipa habari ile kule matopeni, sijui ningewafikisha vipi wale wazee. Ahsante, kaka. Umenifanyia la ndugu."

Jamaldin alitamani ardhi impasukie. Akasema pole, akasema Mungu amrehemu, akasema yote yasemwayo.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya mwisho ya hanga, kama Wagiriama waitavyo matanga yao. Jamaldin alikwenda Kaloleni na Mung'aro, nyuma ya gari wakiwa na gunia la mchele na sukari kutoka ofisini. Walikuta watu wengi. Kitsao alikuwa na wanaume chini ya kivuli cha makuti. Upande wa pili, mikekani, waliketi wanawake, na mmoja wao mwembamba, mwenye uso wa Kitsao kabisa, alikuwa ameupa mgongo upande ule wa wanaume. Jamaldin hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Mung'aro alikwenda kusalimia akarudi na habari, kwani hakuna habari impitayo.

"Kuna balaa hapa. Kitsao asema hakuitwa, mamake alipokuwa mgonjwa. Dadake asema aliitwa. Mmoja wao ni muongo, na wazee wamechoka kuuliza ni nani. Kitsao ameapa hatamsemesha tena. Huyo naye asema hana neno na mtu aliyeitwa na mamake akajifanya hasikii. Ndugu wa tumbo moja, wawili tu! Kesho watu watatawanyika na yameisha hivyo."

Jamaldin alisimama na kikombe cha chai alichopewa. Alijua hakuna muongo pale isipokuwa yeye. Alijua pia kwamba akinyamaza hapatakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa kuwa wale wawili hawasemeshani, na kutosemeshana kwao ndiko kulikomhifadhi. Angeweza kunywa chai yake, akaaga, akarudi Kibokoni na jina lake zima. Ataishi nalo vipi, hilo lingekuwa lake na Mola wake. Aliona aibu kwamba wazo hilo lilimkalia muda mrefu kiasi kile, mpaka chai ikapoa.

Akaweka kikombe chini, akamwendea Kitsao.

"Njoo nami kwa dadako."

"Kaka, huyo mimi—"

"Njoo, nakuomba. Kisha ufanye utakalo."

Walisimama watatu nyuma ya jiko, penye masufuria makubwa yaliyoinamishwa. Nyevu hakumtazama nduguye. Jamaldin akamgeukia Kitsao.

"Kitsao, dadako hakusema uongo. Alipiga simu Jumanne asubuhi. Mama alikuwa hai, anakutaja. Mimi ndiye niliyeipokea simu. Sikukwambia."

Kitsao alimtazama kama anayesubiri mzaha uishe. "Jumanne nilizungumza na wewe."

"Tulizungumza."

"Na Jumatano."

"Na Jumatano. Ukaniuliza nyumbani salama, nikakwambia salama."

Nyevu aligeuka taratibu akamtazama nduguye usoni kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini?" Kitsao aliuliza. Hakupaza sauti.

"Niliogopa utarudi. Wageni sita, dereva hakuna, vituo viwili vimebaki. Niliipenda safari ile kuliko haki yako. Sina la kujitetea, nimekukosea wewe na nimemkosea marehemu."

"Arudi?" alisema Nyevu. "Nani alisema arudi?"

Wote wawili wakamtazama.

"Mama mwenyewe alikataza. Alisema mwanangu yuko kazini, msimvuruge. Alitaka kuisikia sauti yake tu. Kitanda chake kilikuwa mlango wa pili kutoka kwenye simu ya zahanati. Nilitaka nikupe namba, kaka, umpe huko aliko apige akipata nafasi. Hukuningoja nimalize. Nikadhani mna namba ya zahanati hapo ofisini." Alijifuta uso kwa upindo wa leso. "Tulimsogeza karibu na mlango. Jumanne na Jumatano yote, simu ikilia anasema ndiye huyo, nishikeni nikae."

Usiku na mchana Jamaldin alikuwa amejilaumu kwa kupima mama wa mtu na safari, akaichagua safari. Kumbe hakuna aliyemtaka achague. Pale Naivasha simu ilikuwa mkononi mwa Kitsao.

Alingoja atukanwe. Alingoja hata kofi, na angelipokea kwa shukrani. Lakini Kitsao alikuwa amekwisha kumpita, ameketi juu ya kinu kilicholazwa, na Nyevu ameketi chini kando yake, bega limegusa goti la nduguye.

"Nihadithie," Kitsao alimwambia. "Tangu mwanzo."

Nyevu akaanza tangu Jumatatu, polepole, na kila alipofika mahali Kitsao alimkatiza kuuliza saa.

"Jumanne mlipomsogeza mlangoni, ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne hivi."

"Saa nne," alisema Kitsao. "Saa nne nilikuwa nimekaa garini, mbele ya hoteli. Nawangoja wazee wamalize chai."