Kiraka Apimwa Utumbo

Mume wangu alianza kuniaga mwaka mzima kabla ya kupimwa, na mimi sipendi kuagwaagwa. Tuko mezani tunakula, ghafla ananyamaza, ananitazama kama picha ya ukutani, halafu anasema, "Mama watoto, siku mimi sipo, usimwamini yule muuza matairi ya mitumba." Nikinunua mashuka ananiuliza mengi hivyo ya nini. Binti yetu alipopiga simu kusema atahitimu chuo mwakani, badala ya kumpongeza akamwambia, "Mama yako atakuja." Nilimpokonya simu, nikamwambia binti baba yake ana njaa tu.

Kilichokuwa kinamla nilikijua. Kaka yake, aliyemlea na kumfundisha kazi ya kuziba pancha, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka hamsini na miwili. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kiraka, naye alikuwa na hamsini na miwili, na kichwani mwake alishaamua kwamba hamsini na mitatu hataiona. Haumwi popote! Anakula vizuri, anakoroma vizuri, anabishana vizuri kuliko wote. Mimi ndiye niliyekuwa mjane wa mtu anayekoroma ubavuni mwangu.

Siku moja nilimwambia ukuta wa karakana umechakaa, tuupake rangi. Akajibu, "Rangi yenyewe ataifaidi nani?" Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia avae viatu, twende hospitali.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Alisema mtu aliyepoteza ndugu wa damu kwa ugonjwa ule alipaswa kupimwa zamani. Kipimo anachokipenda yeye ni kile cha mpira mrefu wenye kamera, na mgonjwa hupewa dawa ya usingizi.

"Silali," Kiraka alisema. "Kaka yangu mlimlaza mzima, mkamwamsha mgonjwa."

Daktari hakubishana naye. Akasema ipo njia nyingine, ya skani. Mashine inapiga picha nyingi kwa nje, kompyuta inaziunganisha, na daktari anautembelea utumbo wote kwenye skrini kama mtu anayepita kwenye handaki. Hakuna usingizi, na ukimaliza unakwenda zako. "Ila nikuambie ukweli, baba. Tukiona kinyama kimeota ndani, ule mpira uko palepale, maana picha haikati kitu. Lakini afadhali kipimo utakachokubali kuliko kile utakachokikimbia."

"Kikionekana tutaongea," Kiraka akasema. Akavaa kofia yake.

Sasa, watu wanaiogopa mashine. Mimi nawaambia, ogopeni siku inayotangulia. Chakula kigumu ni marufuku. Ni maji, supu iliyochujwa ikabaki maji matupu, chai isiyo na maziwa. Kisha ile dawa ya kusafisha tumbo, pamoja na kinywaji kingine cha kuweka alama kwenye uchafu utakaobaki, ili kwenye picha usije ukadhaniwa ni ugonjwa. Kuanzia mchana ule Kiraka alihamia chooni. Jirani akaja na mkokoteni wenye pancha, akaambiwa fundi yuko ndani ana shughuli. Fundi mwenyewe akapaza sauti kwenye kidirisha cha choo, "Toa tyubu, izamishe kwenye karai, tazama mapovu yanatokea wapi!" Na jirani akaziba pancha yake uani kwangu kwa maelekezo ya mtu asiyeonekana, yanayokatika katikati kila tumbo linapoita.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kiraka naye nilimsikia akicheka mle ndani, na nilikuwa sijasikia kicheko chake kwa muda mrefu.

Kesho yake hospitalini alivalishwa lile gauni linalofungwa kwa nyuma, ambalo aliyelishona hakuwahi kulivaa mbele za watu. Dada wa mashine akaniruhusu kukaa naye mpaka picha zitakapoanza.

"Baba, lala ubavu," dada akasema. "Nitakuwekea kimpira kifupi huku nyuma, hakiendi mbali. Kisha nitajaza hewa taratibu ili utumbo utanuke, kuta zisishikane. Utajisikia umejaa, labda tumbo litakata kidogo. Ikizidi, sema."

Kiraka akainua kichwa. "Unajaza upepo?"

"Ndiyo, baba."

"Ili uone palipo na kasoro?"

"Ndiyo."

"Binti, mbona hiyo ni kazi yangu!"

Basi akachangamka, na hapo ndipo alipoharibu. Hewa ilipoanza kuingia akawa anajigonga tumbo kwa kidole, vilevile anavyogonga tairi, huku ametega sikio. Dada akamuuliza kama inatosha. "Bado, bado laini." Baada ya muda akamuuliza tena. "Ongeza, upepo ukiwa mdogo pancha haijionyeshi." Dada akasema geji inaonyesha imetosha. Kiraka akamwambia geji za siku hizi hazina maana, fundi husikiliza mlio. Nikaona uso wake unabadilika, macho yanamtoka, kidole kimegandia tumboni.

"Simamisha! Binti, simamisha, nitapasuka!"

"Nilishasimamisha zamani, baba. Mashine haipiti kiwango chake hata mgonjwa akiibembeleza."

Dada alijikaza kikazi asicheke, mimi sikuweza. Nikatolewa nje nikiwa nimejiziba mdomo kwa mtandio. Nikiwa kwenye benchi nilisikia sauti ikimwambia avute pumzi, aishike, aiachie. Halafu akageuzwa kifudifudi, ikawa vilevile. Chai niliyonunua haikupata hata nafasi ya kupoa, mtu wangu huyo, anatoka kwa miguu yake, kashika gauni kwa nyuma kwa mikono miwili.

"Imeisha?" nikamuuliza.

"Imeisha. Mimi nilidhani ndiyo wanajiandaa."

Dada alimwambia asijibane, hewa ikitaka kutoka aiache itoke, ndiyo nafuu yenyewe. Lakini Kiraka ni mtu wa heshima zake. Alipokwisha kuvaa nguo ikabidi tuzunguke bustani ya nyuma ya hospitali, yeye mbele anatembea kama askari wa gwaride, mimi nyuma yake nakohoa kwa nguvu kila panapohitajika. Mtunza bustani akanipa pole ya kifua. Tulicheka kama watu waliooana juzi. Kisha akala mkate na chai, akaagiza tena, na tumbo likaanza kutulia.

Tuliporudi kusubiri majibu, kicheko kiliisha chenyewe. Tulikaa tukitazama mlango wa daktari.

"Mama watoto," akaanza.

"Ukiniaga nakuzaba kibao hapahapa."

"Sikuagi. Nataka kusema naogopa."

Mwaka mzima alikuwa amenipa maagizo tu, hakuwahi kunipa neno hilo. Nikamshika mkono. Sabuni yote ya hospitali haikuwa imetoa harufu ya mpira na gundi. "Hata mimi naogopa," nikamwambia. "Kila ukinyamaza mezani naogopa."

Tukaitwa. Daktari hakutuzungusha. "Safi, baba. Sikuona kitu."

Kiraka hakuinuka wala hakutabasamu. "Umepita kote? Hata kwenye kona? Ya kaka ilijificha."

Daktari angeweza kukasirika. Badala yake akageuza skrini, akatutembeza. Lilikuwa kweli handaki, lenye mikunjo na kona zake, na Kiraka akalifuata kwa kidole bila kupepesa. "Rudi hapo." Daktari akarudi. "Na hapo nyuma ya ule mkunjo." Akamwonyesha nyuma ya mkunjo. Walifika mwisho, Kiraka akashusha kidole.

"Kwa hiyo tutaonana baada ya miaka mitano," daktari akasema.

"Nani?"

"Wewe. Kipimo hiki tunakirudia. Ukisikia mabadiliko yoyote njoo mapema, lakini kama hakuna, miaka mitano."

Kiraka akanigeukia. "Amesema mimi."

"Nimesikia."

Akahesabu kwa midomo. "Nitakuwa na hamsini na saba," akasema taratibu. "Kaka atakuwa mdogo wangu." Akafunika uso kwa kofia akalia, mabega yanapanda na kushuka, na daktari akatuachia chumba kama aliyekumbuka kitu nje.

Tulipotoka kwenye korido alisimama ghafla katikati ya njia, watu wakawa wanatupita huku na huku. Macho yalikuwa mekundu, lakini uso wake ulikuwa ule niliokubali kuolewa nao.

"Mama watoto, sasa miaka yote hiyo nitaifanyia nini?"

Nilikuwa nimemwekea maneno makali ya siku hii, nimeyapanga tangu mwaka jana. Yote yakanitoroka. Nikamkumbatia palepale mbele ya wagonjwa na wauguzi, mimi ambaye sijawahi kumkumbatia hadharani tangu tuoane, na sikumwachia hata mtu wa kitanda cha magurudumu alipotuomba njia.