Mtoto Analilia Jina

...lipo, lazima lipo, mtu hasahau jina la mdogo wake wa tumbo moja, Tagalik anajiambia, na anakata kipande kingine cha nyama ya kulungu iliyoganda, anakitia mdomoni ingawa cha kwanza hajakimeza, maana mwenye kutafuna haharakishwi, "Baba, sema basi, tunakungoja wewe," anasema mama yake, Elisapi, amekaa sakafuni kakunjua miguu, kisu mkononi, humwita mwanawe baba kwa sababu alimpa jina la baba yake mzazi, na tangu siku hiyo Tagalik ndiye mzee wa nyumba hii, alikuwa mzee akiwa bado ananyonya, mama ni binti yake, dada yake Ulipa ni mjukuu wake, na mzee ndiye anayetaja jina, walikubaliana hivyo kwenye simu, wakamngoja wiki nzima mpaka tufani ya theluji ipite na ndege imshushe, na mtoto wa Ulipa tangu azaliwe halali, analia mpaka sauti inakauka, si tumbo, si sikio, nesi kamwangalia kote, "Analilia jina lake huyu," mama anasema, "analijua, anataka tu aitwe," na kila mtu humu ndani analijua, ni la marehemu, mdogo wake Tagalik, aliyekufa Oktoba ghuba haijashika barafu, na tangu siku ile hakuna aliyelitamka, jina la maiti huachwa lipumzike mpaka apatikane mtoto wa kulibeba, na marehemu mwenyewe yuko nje huko anangoja, hana pa kuingia, leo wamemfungulia mlango na aliyebaki kumkaribisha ni Tagalik peke yake, na Tagalik amekodoa macho kwenye kipande cha boksi kilichotandikwa chini ya nyama, anayatazama maandishi ya boksi kana kwamba jina limeandikwa pale... ndizi, limeandikwa ndizi, shehena ya ndizi iliyokuja na ndege, si jina la mtu.

Tulia. Tafuta polepole. Lilianza na sauti nzito, au ndogo, lilikuwa refu, mama alipokuwa akiita kutoka mlangoni lilichukua muda kumalizika, hilo analikumbuka, mlio wake anaukumbuka, kama mtu anayesikia watu wakiongea chumba cha pili, na mdogo wake mwenyewe anamkumbuka mzima, jino lililomeguka mbele, viatu vya kutelezea barafu vya kurithi vilivyojazwa soksi tatu ili vimkae, fimbo iliyozungushiwa utepe mweusi mpaka ikawa nzito kuliko yeye, mchana kutwa kwenye ghuba wakipiga kisahani cha hoki mpaka upepo unawafukuza, "Mjukuu, pasi! Mjukuu, inua kichwa, utavunjwa!" ndivyo alivyomwita, mjukuu, siku zote mjukuu, hajawahi kumwita kwa jina hata siku moja, nani hapa humwita mwenzake kwa jina ana kwa ana, ni baba, ni mwanangu, ni shangazi mdogo, adabu ndiyo hiyo, na adabu hiyo imemsitiri Tagalik miaka miwili sasa, kule kusini anakocheza anatoka jasho akikutana na mchezaji mwenzake koridoni na jina halimjii, hapa nyumbani anashuka kwenye ndege anasalimia watu arobaini, mwanangu, mkwe, mjukuu, na hakuna anayegundua kwamba ndani ya kichwa chake mmeanza kuwa mtupu.

"Mwacheni mzee atafune," anasema mjomba Nuvalinga, naye humwita baba vilevile, mvi kichwa kizima na anamwita kijana wa miaka ishirini na tisa baba, "kule kusini wanampikia nyama mpaka inakufa mara ya pili. Tafuna, baba, usiwasikilize wanawake." Ulipa anacheka huku anambembeleza mtoto ndani ya kofia la koti lake la kubebea, "Babu, mwanangu atazeeka bila jina," anasema, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na mjomba anadakia, "Labda anataka kumpa la kwake! Mpe lako basi, awe na ngumi kama zako, awatwange hao wa kusini na yeye," na wote wanacheka, hata mama, na Tagalik anacheka nao kwa kuwa kucheka hakuhitaji kukumbuka kitu.

Ngumi. Mechi arobaini na moja katika ligi kuu, goli moja, tena kisahani kilimgonga mgongoni kikaingia, na ngumi zisizo na hesabu, kwani alichukuliwa kwa lipi, alikwenda kule akiwa na miguu myepesi kuliko wote na macho ya kuona pasi kabla haijapigwa, kocha akamtazama mabega akasema wewe kazi yako ni kuwalinda wenzako, yaani fimbo chini, glovu chini, mshike mtu shati umpige uso mpaka mmoja aanguke, watu elfu kumi na nane wamesimama wanapiga kelele, mla mbichi, mla mbichi, tusi la watu wa kwao, na yeye akijisemea mama ananiona kwenye televisheni, kijiji kizima kinaniona, siwezi kuanguka mimi... na katika ile ya Februari, mwaka juzi, alianguka, kisogo kwenye barafu, akaamka taa zinaelea, wakampeleka kwa daktari wa timu, akamkalisha, akauliza huku anaandika, kichwa kinauma? na Tagalik akainua nyusi, ndiyo, kama mtu yeyote wa kwao anavyosema ndiyo, unasahausahau? akainua nyusi tena, taa zinakuumiza? nyusi, na daktari macho kwenye karatasi, alipoona kimya akaandika hakuna malalamiko, na Tagalik akayaona maandishi, aliyasoma yakiwa juu chini, na huo ndio uovu wake, kwa sababu angeweza kufungua mdomo, mdomo alikuwa nao, lakini Jumamosi kulikuwa na mechi, na nyuma yake kulikuwa na vijana kumi wanaoitaka nafasi yake, akajisemea mimi nimeshamjibu, kama hakuniangalia shauri lake, na Jumamosi akavaa viatu akaingia.

Achana na hayo, tafuta jina. Mtoto analia. Redioni jikoni mwanamke anatangaza amepoteza pampu ya mafuta ya jiko, atakayeiona ampelekee, na mama kanyoosha mkono kaipunguza sauti, ishara kwamba sasa jambo ni zito, "Baba," anasema taratibu, "najua inauma. Na sisi inatuuma. Ukimtaja tu atakuja, tutamshika mkono, yatakwisha," na Tagalik anatamani ardhi ipasuke, wao wanadhani ni uchungu umemkaba, laiti ungekuwa uchungu, wanamhurumia kwa kitu kizuri ambacho hana... na alishalisikia, hilo ndilo asilotaka kulifikia na amelifikia, alilisikia jina lile mara ya mwisho kutoka kwa mwenyewe, Oktoba ile, timu ya vijana imemrudisha mdogo wake nyumbani, simu ikalia, Tagalik katoka mazoezini kichwa kinagonga kama nyundo, "Babu," sauti ikasema, "nani?" "Mimi, babu," "mimi nani?" na kule akacheka, alidhani ni mzaha wao wa siku zote, kisha akaacha kucheka, akataja jina lake, lote, na la ukoo, kama mtu anayejieleza kwa polisi, na Tagalik akalisikia neno kwa neno wala halikushika popote, akasema, "Samahani, sikujui, nina kazi," akakata. Alfajiri ikamrudia, sauti ile ilikuwa ya nani. Akasema nitampigia jioni, nitamtania, yatakwisha. Jioni akapiga mama.

Hajamwambia mtu. Wao wanasema kijana alijiua kwa sababu aliachwa na timu, Ulipa anasema ni giza la Oktoba, mama hasemi, na yeye alisimama kaburini na koti la ligi mgongoni, watu wakimpa pole yeye kwanza kabla ya mama... sasa njia ipo, mjomba kamfungulia bila kujua, sema Tagalik, toa la kwako, watashangaa kidogo, watacheka, watasema mzee ana wivu na jina lake, halafu watampa mtoto mkono mmoja mmoja, karibu Tagalik, na mtoto atalia wiki mbili tatu mpaka achoke, watoto huchoka, na hakuna atakayejua, utarudi kusini, utacheza mpaka Aprili, labda na msimu mwingine... na yule abaki nje. Aje mlangoni mara ya pili, aseme mimi, babu, na mara ya pili aambiwe sikujui, safari hii mbele ya mama yake. Kosa si kosa, husema watu, kosa ni kurudia, naye ameona kwamba anaweza, neno liko ulimini tayari, ni rahisi sana, rahisi kuliko kupigana, na hapo ndipo anapojiogopa kuliko alivyowahi kumwogopa mwanamume yeyote barafuni, kwa kuwa kichwa kilichoharibika hakikumlazimisha kunyamaza kwa daktari, wala hakimlazimishi sasa, huyo ni yeye mwenyewe, mzima kabisa. Mama hajaondoa macho. Kipande cha nyama kimeyeyuka mdomoni, hakina ladha, anakimeza, kinapita. Hana cha kutafuna tena.

"Mwanangu," anamwambia mama yake, na sauti yake inamtoka ndogo, "jina lake limenipotea. Alinipigia simu, akanitajia mwenyewe, nikamwambia simjui."