Daftari Halitoki Ofisini

Siku ya kumzika Mwalimu Kulwa, Mwalimu Mkuu Sedekia alisimama kando ya kaburi, akasafisha koo, akafungua karatasi na kusoma: "Katika miaka kumi na moja ya utumishi wake, marehemu hakuwahi hata siku moja kusaini chini ya mstari mwekundu."

Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Wengine hawakujua mstari mwekundu ni kitu gani, wakadhani ni jambo la kanisani. Shigela, mume wa marehemu, alijua. Alikuwa ameshika koleo, akalikaza mpaka vidole vikamuuma, maana angelilegeza kidogo tu, Mungu ndiye ajuaye lingetua wapi.

Mstari wenyewe ni hivi. Kila asubuhi mwalimu akifika anasaini daftari la mahudhurio. Ikigonga saa moja kamili, Mkuu anachukua rula na kalamu nyekundu, anapiga mstari. Atakayefika baada ya hapo anasaini chini yake, kisha anaandika barua ya kujieleza kama mwizi wa kuku. Barua zikifika tatu, jalada linapelekwa halmashauri, na huko wanakutafutia shule ambayo hata dereva wa pikipiki anaifikia kwa kuulizauliza.

Wiki ile ya mwisho Kulwa alikuwa na kikohozi kinachotoka kisimani. Aliomba ruhusa aende hospitali. Akaambiwa avumilie, wakaguzi wanakuja Alhamisi. Akaomba tena, akaambiwa hivyohivyo. Mara ya tatu Mkuu hakuinua hata kichwa. Basi kila asubuhi Kulwa akamshika mkono binti yao Ng'washi, wakakanyaga baridi ile ya Mafinga ya mwezi wa saba, majani meupe kama yamemwagiwa chumvi, na wakifika getini akauachia mkono na kukimbilia ofisini kuwahi kusaini. Shigela mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwamsha: "Mama Ng'washi, mstari huo!" Hilo hapendi kulikumbuka, na akilikumbuka analitemea mate. Wakaguzi walikuja, wakala kuku, wakaondoka. Ijumaa Kulwa akapelekwa hospitali ya Tosamaganga, na madaktari kule walihangaika naye siku mbili mchana na usiku, lakini alikuwa ameletwa akiwa ameshachelewa. Jumapili akafa.

Hayo yana miezi miwili sasa.

Shigela hakusoma sana. Kwao ni Usangu, upande wa Mbeya, kwenye familia iliyoshuka na ng'ombe kutoka Usukumani. Darasa la tano baba yake alimtoa akachunge. Kulwa alipopangiwa kazi Mafinga akamfuata, akapata kibarua kwenye mashine ya kupasua mbao, na wenzake wakamwita "mume wa mwalimu" kwa kejeli mpaka jina likamkaa. Mkewe ndiye aliyekuwa akisoma barua zote za nyumbani. Sasa barua zinarundikana juu ya kabati.

Baada ya msiba, Ng'washi, aliyekuwa darasa la nne, aligoma shule. Hakulia, hakubishana. Anavaa sare, anabeba begi, anakaa kizingitini. Shigela anaingia mashineni saa kumi na mbili asubuhi. Akirudi jioni anamkuta amekaa vilevile, soksi zimevutwa mpaka magotini. Ikapita wiki tatu hivyo. Halafu siku moja mtoto akaanza kwenda. Shigela akashukuru Mungu, wala hakuuliza imekuwaje. Ni Mama Jofrey wa jirani aliyemwambia baadaye kwamba mwalimu wa darasa, Mwalimu Gloria, binti mgeni asiye na hata miaka mitatu kazini, ndiye anayempitia kila asubuhi.

Alhamisi moja jioni Ng'washi alisema, akimenya viazi, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwamba chumvi imeisha:

"Baba, Mwalimu Gloria hatanipitia tena."

"Kwa nini?"

"Kasaini chini ya mstari mara tatu. Anahamishwa."

"Nani kasema?"

"Wote wanajua." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Kwa hiyo na mimi basi."

Kesho yake Shigela hakwenda mashineni. Simu ikaita, ni Fred, msimamizi wao.

"Mume wa mwalimu! Gogo limelala hapa linakuuliza. Nilijibuje?"

"Lijibu linipe saa mbili. Nakwenda shule."

"Shule? Kumalizia la tano?"

"Kumpiga mtu."

"Aa, hilo sawa," alisema Fred. "Ila usimpige usoni, wanapiga picha siku hizi."

Mtoto alikuwa kizingitini, begi mgongoni. Shigela akampita, akashika njia ya shule. Getini mlinzi Kasian akanyanyuka: "Kamwene, Baba Ng'washi, habari za..."

"Usinisalimie, Kasian. Nitakujibu vibaya na hujanikosea."

Ofisini alimkuta Mkuu amekaa, na Mwalimu Gloria amesimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeshikwa na simu, karatasi mkononi. Ukutani nyuma ya Mkuu palikuwa na cheti kipya ndani ya fremu. Shigela akakisoma polepole: Semina ya Uongozi Bora na Ustawi wa Walimu na Wanafunzi, siku tatu, Iringa mjini. Chini yake lilining'inia begi la semina, limeandikwa Shule Yenye Furaha.

"Karibu, Baba Ng'washi," alisema Mkuu. "Ingawa wazazi tunawapokea Jumatano."

"Mtoto wangu haumii kwa ratiba."

"Naomba tuheshimiane."

"Tutaheshimiana. Kwanza niambie huyu binti anahamishwa kwa kosa gani."

Mkuu akashusha pumzi kama mtu aliyebebeshwa gunia lisilo lake. "Siyo mimi ninayemhamisha. Utaratibu ndio unaomhamisha. Amechelewa mara tatu. Na sababu anazoandika, sikiliza mwenyewe." Akafungua jalada. "'Sababu binafsi.' Ya pili, 'sababu binafsi.' Hii aliyoileta leo sijaisoma, lakini naijua."

Shigela akamgeukia Gloria. "Mwalimu, sababu binafsi ndiyo mwanangu?"

Gloria akatazama chini. "Sikutaka jina lake liingie kwenye majalada, baba. Likiingia watu wataongea, mtoto ana kichaa, mtoto ana pepo. Unawajua watu."

"Mtoto gani?" aliuliza Mkuu.

Shigela akaona, kwa hasira iliyompanda mpaka masikioni, kwamba mtu huyu hakujua kweli. Hakujua, na hakuwahi kuuliza.

"Ng'washi," alisema Gloria. "Namtoa nyumbani kwao mapema tu, Mkuu. Saa moja kasoro dakika ishirini tunakuwa tumeshafika getini. Ila akifika pale anasimama. Hawezi kupita. Nasimama naye nimemshika mkono mpaka mwenyewe aanze kutembea. Siku nyingine dakika tano. Siku nyingine nusu saa."

"Pale getini?" Mkuu akatazama dirishani. Dirisha lake linatazamana na geti, hakuna hata mti katikati. "Nawaona kila siku! Nikajua mnapiga soga."

"Ukatuona," alisema Gloria, "halafu ukapiga mstari."

"Mwalimu, si ungeingia dakika moja, ukasaini, ukamrudia?"

"Siwezi kumwachia mkono pale!" Ni mara ya kwanza kupaza sauti, na mwenyewe akashtuka. "Pale ndipo mama yake alipokuwa akimwachia. Akienda kusaini."

Shigela hakuwa analijua hilo. Habari ya geti ilikuwa mpya kwake, habari ya mkono ndiyo kabisa.

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Poleni. Kweli poleni. Lakini mniangalie na mimi. Kila siku saa moja na dakika tano napiga picha ule ukurasa, natuma kwenye grupu la walimu wakuu. Kata wanaangalia, halmashauri wanaangalia. Shule ikiwa na jina chini ya mstari inatajwa mbele za watu. Mwezi uliopita nilitajwa mara mbili. Mnafikiri mimi nalala?"

"Basi lipeleke daftari getini," alisema Shigela.

"Nini?"

"Huyu binti yuko pale kabla ya saa moja. Unamwona kwa macho yako. Beba daftari, mpelekee, asaini."

Mkuu akacheka, cheko la mtu aliyeambiwa apande juu ya paa na suti. "Baba Ng'washi, daftari la mahudhurio halitoki ofisini. Ni nyaraka ya serikali."

"Litakimbilia wapi? Lina miguu?"

"Ni utaratibu."

"Utaratibu, utaratibu! Mke wangu nilimfukia na utaratibu wako, ukaja kuusoma juu ya kaburi lake kama zaburi! Umekwenda semina ya furaha siku tatu, umelishwa, umepewa begi, hukufundishwa kutembea mpaka getini?"

Walimu wawili walichungulia mlangoni, wakajidai wanatafuta chaki.

"Shusha sauti," alisema Mkuu, sasa naye amewiva. "Na nikuulize. Mtoto ni wako. Wewe asubuhi unakuwa wapi?"

Hilo lilimpiga Shigela palepale lilipolengwa. Kisha akasema, "Nipe karatasi."

"Ya nini?"

"Huyu ameandika barua tatu kwa ajili ya mtoto wangu. Na mimi naandika yangu. Uiweke kwenye jalada hilohilo liende nayo."

Akaketi kwenye kiti cha wageni, akaandika juu ya goti. Iliwachukua muda, yeye na ile kalamu. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimeegemeana kama mbao zilizopangwa na mlevi. Alipomaliza hakumpa Mkuu. Alimpa Gloria asome kwa sauti. Gloria akasoma:

"Mimi ni Shigela mume wa marehemu Mwalimu Kulwa. Mwalimu Gloria anachelewa kwa ajili ya mtoto wangu. Mtoto hapiti getini mpaka ashikwe mkono kwa sababu mama yake alikuwa anaenda kusaini akiwa mgonjwa. Mama yake aliomba ruhusa mara tatu akanyimwa mara tatu. Mimi ndiye nilikuwa namwamsha. Mkitaka kumhamisha mtu msimhamishe huyu binti."

Nje darasa la tatu liliimba hesabu za kuzidisha, likakosea saba mara nane, likarudia na kukosea vilevile.

"Hii siwezi kuiambatisha," alisema Mkuu hatimaye.

"Basi na za kwake usizipeleke."

"Unanitisha?"

"Nakuomba. Nikitaka kukutisha nitaipeleka mwenyewe kwa miguu yangu. Mimi jambo la kutembea silioni kazi."

Mkuu akatazama ile barua, akamtazama Gloria, akatazama simu yake iliyokuwa inawaka na kuzima mezani. Huruma haikuwa imemwingia, Shigela aliona wazi. Ilikuwa hofu ileile ya siku zote, ila leo ilikuwa imegeuka na kutazama upande mwingine. Akalifunga jalada, akalitia kwenye droo, akageuza ufunguo.

"Jumatatu," alisema, bila kusema Jumatatu kuna nini.

Jumatatu Shigela aliomba kwa Fred kuingia saa tatu, Fred akasema sawa, mradi hajaleta mwalimu wa kuchongewa jeneza. Wakatoka nyumbani watatu, Gloria upande mmoja wa mtoto na baba upande wa pili. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na lori la mbao lililowapita likawaachia harufu ya msindano mbichi. Getini Ng'washi akasimama, sawasawa kama mwalimu alivyosema. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Huwa unamwambia nini hapa?" Shigela alinong'ona.

"Simwambii kitu," alisema Gloria. "Tunasimama tu."

Wakasimama. Saa moja kasoro kumi. Kasoro tano. Kasian alijifanya anafagia mahali alipokwisha fagia. Shigela alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya matusi ambayo mtoto hatayaelewa, mlango wa ofisi ulipofunguka, na Mwalimu Mkuu Sedekia akatoka na daftari kwapani. Alitembea haraka akitazama chini, kama mtu aliyetumwa dukani akiwa mtu mzima. Shigela akahesabu: hatua thelathini na mbili.

"Saini," alisema Mkuu.

Gloria akasaini kwa mkono mmoja, daftari likiwa juu ya viganja vya Mkuu kama sinia. Mkono wa pili haukumwachia mtoto.

"Umeridhika, mzee?" Mkuu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hata ule mwezi wa saba miguu hiyo ulikuwa nayo," alisema Shigela.

Mkuu akalirudisha daftari kwapani. Akageuka arudi ofisini, lakini Ng'washi alikuwa anamtazama, yeye na lile daftari, kwa jicho la mtu anayengoja kuona litakwenda wapi, na yule mwanamume akashindwa kuondoka. Akabaki palepale, pumzi ikimtoka moshi, miguu ikihama kwa baridi. Saa moja ikafika. Rula na kalamu nyekundu zilikuwa ofisini.

Ilichukua dakika kumi na mbili nyingine, halafu mtoto akatembea.