Uzi Mwekundu wa Nerlie

Mchungaji Dieuseul aliniita uani kabla basi la wageni wafadhili kutoka ng'ambo halijapanda kilima. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayekwenda kuazima chumvi kwa jirani.

"Wisline, wiki hii wewe ni dada wa jikoni. Nerlie atakuita shangazi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Wageni hawajui maisha yetu. Wakimwona mtoto ana mama, watauliza anafanya nini katika nyumba ya yatima. Nitakosa jibu, na bila wao hakuna mchele wala shule."

Niliitikia kwa kichwa. Mimi si mtu wa kuuliza. Shule niliiacha darasa la nne mama yangu alipougua, na mpaka leo nikisimama mbele ya mtu mwenye kalamu mfukoni macho yangu hushuka yenyewe. Lakini binti yangu Nerlie anasoma. Ana viatu vyeusi, ana miaka saba, anajua kuandika jina langu. Ndiyo maana nilimleta kwenye nyumba ile ya watoto kilimani juu ya mji wa Jakmeli, baba yake alipovuka mpaka wa nchi kwenda kukata miwa asirudi tena. Na sharti tulilijua wazazi wote: ukiiharibia nyumba jina, mtoto wako anatoka, na darasani anatoka.

Sikuwa nimemwona tangu Pasaka, kwa sababu mvua zilikuwa zimejaza mto; maji yalipopungua ndipo nikapanda kuja kupika wiki hiyo ya wageni. Kwa hiyo Jumatatu ile, watoto walipopangwa mlangoni kuwaimbia wageni, nilichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amerefuka. Akageuka, akaniona. Nilitegemea anichekee kwa macho tu, kama mtoto aliyeonywa. Yeye alirudi nyuma, akajificha mgongoni mwa mwenzake.

Mtoto mtiifu, nilijiambia. Nilijivunia hata.

Kazi ilikuwa nyingi mpaka sikupata nafasi ya kuwaza. Wageni walivaa fulana za rangi ya chungwa, na walianza kazi kabla jua halijakausha umande. Walifundisha nyimbo, wakatunga shanga na watoto, wakapaka rangi ukuta wa chumba cha kulia, ambacho ndicho pia kanisa la nyumba. Sisi tulipika wali na maharage, tukakaanga ndizi, tukachota maji, tukaosha vyombo, tukaanza upya. Achari ya kabichi waliandaliwa bila pilipili. Mama Ormilia, mpishi mkuu, aliichanganya huku ameangalia pembeni, kama mtu anayetenda dhambi.

"Ukuta huo," alisema, "wakati wa sherehe za Karnavali, kabla ya Kwaresima, ulikuwa bluu. Juni wakaupaka njano. Sasa kijani. Umenenepa kunishinda mimi."

"Kwani hawaambiwi?"

"Waambiwe nini, mwanangu? Mtu kapanda ndege kuja kupaka rangi, umwambie ukuta umeshiba?"

Mmoja wao, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe aliyeitwa Joanne, alimpenda Nerlie. Alimpakata, akamvisha kofia yake, akamkatia ndizi vipande vidogo kana kwamba mtoto hana meno. Nilipita na ndoo yangu kichwani. Nerlie alinitazama kutoka mapajani pale, kisha akaificha sura yake kifuani kwa yule mama.

Jumatano niliambiwa nisaidie kuwaogesha watoto wadogo nyuma ya nyumba, penye tangi. Nerlie alikuwa wa mwisho. Alishikilia gauni lake, hakutaka kulivua.

"Shangazi," alisema, "nitaoga peke yangu."

"Acha mchezo, maji yanapoa."

Nikalivuta gauni juu. Kiunoni alikuwa amefungwa uzi mwekundu, na kwenye uzi kipande cha kitambaa chekundu.

Kopo lilinitoka mkononi. Kwetu hakuna asiyejua maana ya uzi ule. Hufungwa mtoto aliyezikiwa mzazi, maana marehemu akimpenda sana mtoto humfuata, na akiiona nyekundu hugeuka akarudi alikotoka. Nilimfikiria baba yake. Nikafikiria miwa, mapanga, na wasafiri wasioleta habari.

"Nerlie, nani amekufa?"

Hakunitazama usoni. Alitazama chini, kwenye miguu yangu.

"Wewe," alisema.

Nilikaa juu ya mawe yaliyolowa.

"Nilisema kanisani," aliendelea polepole, kama anayesoma ubaoni. "Juni, wageni walipokuja. Mchungaji alinifundisha niseme mama alichukuliwa na mto. Nikasema, wote wakalia, wakaniombea. Kitu ukikisema kanisani, Mungu anasikia. Halafu hukuja tena."

"Mto ulijaa, mwanangu. Sikuweza kuvuka."

"Ndiyo," alisema. "Mto."

Niliokota kopo.

"Na sasa umekuja, na Mchungaji anasema nisikuite mama. Mwenzangu Mirtha amesema wafu hawana kivuli. Tangu juzi nakitafuta chako."

"Umekiona?"

"Jikoni kuna giza. Na leo kuna mawingu."

Nilinyoosha mkono. Akashika uzi wake kwa vidole vyote, akaunyanyua kidogo ili niuone vizuri. Nikaurudisha mkono wangu. Siku zote zile nilidhani ananitii. Alikuwa ananiogopa.

Nilirudi jikoni.

"Nani alimfunga ule uzi?" nilimuuliza Mama Ormilia.

"Mimi." Hakuacha kumenya viazi. "Alikuwa halali usiku. Ulitaka nimfanyeje?"

"Ungemwambia niko hai."

"Nilimwambia. Akaniuliza, sasa mbona kanisani nasema amekufa? Nimjibu nini mimi? Mimi mpishi." Aliacha kisu. "Nilikata uzi nikamfunga. Akalala."

Alhamisi nilimvizia Mchungaji nje ya ghala la mchele. Nilianza sentensi mara mbili ikanikwama. Mwishowe nilisema tu, "Mtoto wangu anaogopa."

Alijifuta jasho. Hakuwa na uso wa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka.

"Kesho alasiri ni ibada ya shukrani, na Nerlie ndiye atakayetoa ushuhuda. Jumamosi asubuhi wanaondoka, na wewe utamkumbatia mpaka uchoke. Vumilia siku moja, Wisline. Nina watoto wengi wa kulisha."

Nikasema ndiyo, Mchungaji.

Ijumaa mawingu yalitawanyika. Watoto walivalishwa nguo nyeupe. Wageni walikaa mabenchi ya mbele chini ya ule ukuta wa kijani uliokuwa bado unanuka, na mimi nilisimama nyuma nikiwa na sinia la vikombe vya maji ya ndimu. Nerlie aliitwa. Akapanda juu ya kijukwaa. Mchungaji alisimama kando yake na kipaza sauti, tayari kutafsiri.

"Mama yangu alikuwa mzuri," Nerlie alisema. Mchungaji akatafsiri. "Siku ya mvua alikuwa anavuka mto aje kuniona. Maji yakamchukua. Kilemba chake cha zambarau kilielea, watu wakakiona kwenye daraja."

Kilemba cha zambarau kilikuwa kichwani mwangu.

Joanne alifunika mdomo. Wengi walikuwa wanalia, na Nerlie alikuwa analia, na hayo hayakuwa machozi ya kufundishwa. Alinitazama mimi, moja kwa moja juu ya vichwa vyote, huku mkono wake ukishika kiuno chake juu ya gauni jeupe.

Sikumbuki nikiamua. Niliweka sinia sakafuni. Nilipita katikati ya mabenchi, na Mchungaji akasema polepole kwa lugha yetu, "Wisline. Fikiria shule." Nilifikiria. Niliviona vile viatu vyeusi. Niliendelea.

Mlango wa magharibi ulikuwa wazi na jua lilikuwa linaingia lote. Nilipanda kijukwaani, nikasimama kwenye mwanga.

"Tazama chini," nilimwambia. Sauti ilitoka ndogo sana.

Alitazama. Kivuli changu kilikuwa kimelala kwenye mbao, kirefu, na kilemba chake, mpaka kwenye vidole vya miguu yake. Alisogeza mguu, akakigusa kwa kidole gumba, kama mtu anayepima maji.

"Mama," alisema.

Nilipiga magoti, nikapitisha mkono chini ya gauni, nikaufungua uzi. Nao sikuutupa, niliuinua juu. Wageni hawakuelewa kitu. Lakini watoto wote walielewa. Mtu hufunguliwa uzi ule pale tu ambapo hakuna maiti.

Mirtha alisimama kwenye safu ya pili, akapandisha blauzi yake mpaka tumboni.

"Shangazi, na mimi utanifungua? Mama yangu yuko Marigo, anauza samaki."

Uzi wake ulikuwa umefifia, wa zamani kuliko wa Nerlie. Akasimama mwingine nyuma yake. Halafu mwingine. Ukumbi mzima watoto walikuwa wanapandisha nguo zao nyeupe, na kila kiuno kilikuwa na wekundu wake. Nilimtazama Mama Ormilia mlangoni. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hakuwa amewafunga yeye wote hao. Walikuwa wamefungana wenyewe.

Joanne alimgeukia Mchungaji, akamuuliza jambo. Akamuuliza tena. Mchungaji alikiinua kipaza sauti mpaka mdomoni, na tukasikia pumzi yake tu kwenye spika.

Jumamosi asubuhi nilimchukua Nerlie. Hakuna aliyetufukuza na hakuna aliyetuaga, isipokuwa Mama Ormilia aliyenipa ndizi za njiani. Viatu vyeusi nilivibeba mkononi visiharibike kwa mawe. Sijui atavivalia darasa gani. Jua lilikuwa mgongoni kwetu, na Nerlie hakutaka kunishika mkono. Alitangulia mbele, akitembea juu ya kivuli changu, na kila kilipopinda kwenye jiwe alisimama, akangoja kinyooke, ndipo akakanyaga tena.