Kunywa Kahawa Yako

Intisar alikuwa amefundisha darasa la pili kwa miaka kumi na saba, na hakuwahi kupata mwanafunzi mgumu kama mumewe.

"Tuanze tena," alisema. Alikuwa ameketi upande wa pili wa meza ya jikoni, karatasi ya maswali mbele yake. "Tueleze kidogo kuhusu wewe."

Dhiyab alikohoa, akanyoosha mgongo. "Mimi ni Dhiyab mwana wa Nayif mwana wa Saqr, na babu yetu ndiye aliyechimba kisima cha..."

"Baba Laith! Wanatafuta mtunza ghala, hawaozeshi binti."

"Sasa mtu akikuuliza wewe ni nani, utaanzia wapi kama si kwa babu yako?"

"Utaanzia kwenye miaka kumi na tisa ya kutunza ghala. Kisima kiache hukohuko kilipo."

Tusimcheke sana. Dhiyab alikuwa na miaka arobaini na sita na hakuwahi kusailiwa maishani mwake. Kazi yake ya kwanza, kwenye kiwanda cha nguo, aliipata kwa sababu mjomba wake alimwambia msimamizi, "Huyu ni mtoto wa dada yangu," na msimamizi akaona hapo hakuna la kuongeza. Sasa ulikuwa mwezi wake wa nane bila kazi, yuko nyumbani Madaba, anaosha vyombo na kugombana na paka wa jirani. Ndugu wa mkewe kule Aqaba, mbali kusini, alikuwa amemtafutia kazi ya kulinda geti, chumba cha kulala ndani, likizo mara mbili kwa mwaka. Jibu alilitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Kampuni moja ya kusambaza dawa, yenye ghala huko Sahab, ndiyo pekee iliyomwita kwenye usaili. Akiikosa hiyo, anafunga virago kwenda Aqaba, na hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

"Udhaifu wako mkubwa ni upi?" Intisar aliendelea.

"Hilo nalo ni swali la kumuuliza mtu mzima?"

"Jibu."

"Goti la kushoto."

Intisar aligonga meza kwa rula. "Wanataka udhaifu unaofanana na sifa. Sema, 'Napenda kazi iwe sahihi mno, mpaka wenzangu wananilalamikia.'"

"Huo ni uongo."

"Huo ni usaili."

Swali lililofuata hakulisoma kwa sauti ya ualimu. "Kwa nini uliacha kazi?"

Jibu la kweli wote wawili walilijua. Mutlaq, mtoto wa mama mdogo wa Dhiyab, alikuwa dereva wa lori, naye alileta kiwandani katoni arobaini za nyuzi na kusema zimejaa. Kazi ya Dhiyab ilikuwa kuzifungua kabla ya kutia sahihi. Lakini Mutlaq alikuwa amesimama pale pale, anamuulizia hali ya mama, na kufungua katoni mbele ya macho ya ndugu yako ni kumwambia wewe mwizi. Dhiyab alitia sahihi. Baadaye katoni kumi na moja zilikutwa zina matambara. Mutlaq aliapa kwamba hajui, na Dhiyab akafukuzwa.

"Utasema kiwanda kilikuwa kinapunguza watu," alisema Intisar. "Wiki ileile waliondolewa wengine sita. Si uongo mtupu."

"Sawa, mwalimu."

"Na wakikuletea kahawa, iweke chini kwanza mpaka umalize kujibu. Ukinywa huku unaongea, masharubu yako yatakuumbua."

Jumanne asubuhi alifika Sahab akiwa na shati lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Ndani ya ofisi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa ghala, mfamasia ambaye kila mtu alimwita Daktari Tala, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekulia Kanada na kurudi mwaka uliopita. Wa pili alikuwa Baba Ghalib wa utumishi, mwenye kitambi na kalamu tatu mfukoni, ambaye alisalimia vizuri kisha akainamia daftari lake.

Tarishi aliingia na dele la kahawa, akamimina kahawa chungu, ya kufunika kitako cha kikombe tu kama inavyopaswa, akasimama pembeni. Dhiyab alikipokea kwa mkono wa kulia na, kama alivyofundishwa, akakiweka mezani bila kukigusa tena.

Baba Ghalib alikitazama kile kikombe, akamtazama Dhiyab, akaacha kuandika.

Maswali yalianza, na mambo yakaenda vizuri kuliko alivyotarajia. Alieleza miaka yake kumi na tisa. Kisima kilitaka kuchomoza mara moja, akakirudisha. Alieleza namna ya kupanga bidhaa ili za zamani zitoke kwanza. Kuhusu udhaifu, alisema lile jibu la usahihi bila hata kupepesa macho, na ndani yake akaona haya.

Hapo Daktari Tala aligeuza ukurasa na kusema, kwa upole tu, "Kunywa kahawa yako, Bwana Dhiyab."

Moyo ulimlipuka. Miaka ishirini na mbili nyuma, baba yake mkubwa alikwenda na wanaume kumi na wawili nyumbani kwa kina Intisar kumposea. Kikombe cha kwanza alikiweka chini na kusema, "Kahawa yenu hatuinywi mpaka mtupe tulichokuja kuomba." Wakakaa hivyo, kahawa inapoa, Dhiyab jasho linamtiririka mgongoni, mpaka baba yake Intisar alipotamka, "Kunyweni kahawa yenu." Baada ya maneno hayo hakuna aliyeuliza tena kama binti ametolewa. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Basi Dhiyab alikinyanyua kikombe, akakinywa mara moja, akakitikisa kidogo kwa tarishi kuonyesha kwamba imetosha. Kazi alikuwa amepewa. Alitamani kumkumbatia hata Baba Ghalib.

"Sasa," alisema Daktari Tala, "kwa nini uliacha kiwanda?"

Dhiyab alifungua mdomo kusema jibu la jikoni, likakataa kutoka. Mtu ameshakupa ulichomwomba, umeshakunywa kahawa yake, halafu umdanganye usoni? Alisimulia yote, Mutlaq, katoni arobaini, matambara, sahihi.

"Ulifukuzwa," alisema Daktari Tala.

"Nilifukuzwa. Na walikuwa na haki."

"Sikuelewi. Karatasi yako ya maombi imeandikwa kwamba kiwanda kilipunguza watu. Kwa nini unatuambia sasa hivi?"

"Si umeniambia ninywe?"

Yule mwanamke alimgeukia Baba Ghalib. Baba Ghalib aliinama na kumweleza kwa sauti ya chini, maneno machache tu, naye akaonekana anaelewa taratibu na uso ukimwiva.

"Nilisema kwa sababu ilikuwa inapoa," alisema.

Dhiyab alitamani ardhi imeze kiti chake na yeye akiwa juu yake. Alijikaza, akasimama, akashukuru. Wakamwambia watampigia simu, na kwa miaka arobaini na sita aliyoishi alijua maana ya hayo.

Nyumbani Intisar alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaikunjakunja ile karatasi ya maswali na kuitupa. "Wiki mbili nakufundisha! Mtoto wa miaka saba angekumbuka!"

"Nilidhani nimeshapewa."

"Sasa nenda Aqaba ukawaeleze ukweli wako magari yanayopita getini." Alisema hivyo kisha akaingia chumbani, na Dhiyab alimsikia akilia. Hasira angeivumilia. Kilio kilimshinda, akatoka uani kukaa na paka.

Alhamisi mchana walikuwa wanakula dengu bila kuzungumza simu ilipolia. Alikuwa Daktari Tala. Intisar aliweka kijiko chini, akasogeza sikio.

"Bwana Dhiyab, nina swali moja ambalo halikuwa kwenye karatasi yangu. Lori likija hapa na dereva ni ndugu yako. Au tuseme, dereva ni ndugu yangu mimi. Anasema katoni zimejaa. Utafanya nini?"

Intisar alianza kuandika majibu hewani kwa kidole. Sema utafuata taratibu. Sema uwajibikaji. Dhiyab alimgeuzia mgongo ili asimwone.

"Nitakwambia," alisema. "Nitamkaribisha, nimuulize hali ya mama yake, nimmiminie kahawa. Halafu nitamwomba aiweke chini. Nitafungua katoni moja moja, naye ananitazama. Zikiwa zimejaa, nitamwambia anywe."

"Na kama ana haraka?"

"Basi atakuwa na haraka. Ataondoka na kiu yake."

"Akikasirika?"

"Atakasirika, daktari. Mutlaq angekasirika pia." Aligeuka kumtazama mkewe. "Nilimwogopa. Udhaifu wangu ni huo, lile jibu la siku ile halikuwa langu."

Kwa mbali alisikia Baba Ghalib akisema jambo, na yule mwanamke akimjibu, "Najua, najua, safari hii najua."

Kisha akarudi kwenye simu. "Bwana Dhiyab, kunywa kahawa yako."

Mezani palikuwa na dengu na maji tu. Intisar, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alikuwa tayari amesimama na anafungua kabati akitafuta dele.