Sogea, Moto Unatoka

Mtu aliyeanza kazi katika lile duka la mikate hakuambiwa chochote, lakini wiki haikuisha kabla hajapajua mahali pasipokanyagwa. Palikuwa upande wa kushoto wa tanuri, karibu kabisa na mlango wake wa chuma, sakafu ya saruji kama sakafu nyingine yoyote. Wakandaji wenye trei begani walipazunguka. Hata gunia la unga halikuwekwa pale, ingawa nafasi ilikuwa finyu na watu walijigonga mapaja kwenye meza kila siku ya Mungu.

Yote hayo ni kwa ajili ya mama mwenye tanuri. Kila alipotaka kutoa mikate, alinyoosha kwanza mkono wa kushoto pembeni, usawa wa nyonga, kiganja wazi, kama mtu anayemzuia mtoto asikaribie.

“Sogea,” alisema kwa upole. “Moto unatoka.”

Kisha alingoja. Alingoja kiasi cha mtoto mbishi kurudi nyuma, ndipo akafungua. Mikate ya nyumba ile ilikuwa imeiva kidogo kupita ya wengine, yenye ganda la kahawia, na wateja waliipenda kwa hilo. Hawakujua kwamba rangi ile ilitokana na kule kungoja.

Mkwe wake alipoolewa pale, alimuuliza mumewe. Mume, ambaye ndiye aliyewasha tanuri kila alfajiri, aliangalia viatu vyake.

“Ni mazoea ya Mama. Wewe pita huku tu.”

Akapita huku. Akazoea, kama wengine walivyozoea. Lakini alasiri moja, mimba ikiwa imemlemea na kiuno kikimwaka, alitafuta ukuta wa kuegemea akajikuta amesimama palepale. Joto la tanuri lilimwingia mgongoni likamtuliza. Hakumwona mama mkwe akija na kitambaa chake mkononi, wala mama mkwe, macho yamejaa mvuke, hakumwona yeye. Mkono wa kushoto ukanyooka kama kawaida. Safari hii ukakuta tumbo.

“Chausiku, sogea,” alisema mama mkwe.

Na mtoto tumboni akasogea. Hakupiga teke, wala hakucheza. Aligeuka mwili mzima, kutoka upande wa tanuri kwenda upande wa pili, kama aliyeambiwa akasikia.

Mama mkwe aliurudisha mkono kama aliyeungua. Wakabaki wanatazamana, na hakuna aliyekumbuka mlango wa tanuri mpaka moshi ulipoanza kutoka. Trei nzima iliungua. Mkandaji mmoja wa siku nyingi, waliyemwita Jogoo kwa sababu hajawahi kuchelewa, aliichukua mikate ile, akaikwangua kwa kisu, akala miwili amesimama.

“Mimi meno yangu yanapenda kitu kigumu,” alisema. “Hii ndiyo mikate, sio vile vipamba vyenu.”

Hakuna aliyecheka sana, lakini mama mkwe alipata nafasi ya kutoka nje bila kuangaliwa.

Mkwe hakumwambia mtu kilichotokea tumboni. Alilibeba jina lile kama alivyombeba mtoto, na yote mawili yakawa yanakua. Siku nyingine alifurahi. Siku nyingine aliamka na jasho, anajiuliza ni nani hasa aliyeitika.

Mtoto akazaliwa wa kike, adhuhuri, jua likiwa utosini. Mama mkwe alifika hospitali na chupa ya chai na kanga mbili safi, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Hakumpokea.

“Mikono yangu ina unga,” alisema, na haikuwa na unga.

Nyumbani alichemsha maji ya kumwogeshea, akafua nguo zake, akazianika, akazikunja ndogo ndogo kama leso. Usiku wa kwanza alimletea mkwe mto wake mwenyewe, ule mzuri, akasema yeye haupendi, unamuumiza shingo. Lakini mtoto hakumgusa hata kwa kidole.

Jumapili ndugu wakakusanyika chumba cha nyuma ya duka ili jina lipatikane. Alikuja wifi, dada mkubwa wa mume, na baba mdogo wao, dereva wa lori, mtu wa kicheko kikubwa. Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya mlango, tanurini. Mikate haijui Jumapili, alisema.

Wifi alikuwa na majina tayari, mazuri, ya kisasa, ya kuitwa kwenye maikrofoni. Aliyataja moja baada ya jingine kama mtu anayetandaza vitenge. Mkwe akasubiri hadi wifi akaishiwa pumzi.

“Mimi nataka aitwe Chausiku.”

Baba mdogo ndiye aliyecheka kwanza. “Mtoto kazaliwa saa sita mchana! Muite basi Chamchana.”

“Nitamwita Chausiku hivyohivyo, Baba.”

“Hilo jina la vibibi, mwanangu. Shuleni watamla mzima mzima, mifupa na nyama.”

“Basi watashiba.”

Mume alimfunika mtoto miguu. Wifi naye hakuwa akicheka. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Upande wa pili wa mlango, mlio wa trei ulikuwa umekoma.

“Wifi, njoo uani,” alimwambia mkwe.

Uani kulikuwa na kuni zilizopangwa na kamba yenye nepi. Wifi alishika nepi moja akawa anaikamua, ingawa ilikuwa imekauka.

“Nani kakwambia jina hilo?”

“Nimelisikia.”

“Lilikuwa la bibi yetu, mama yake Mama. Bibi kazaliwa usiku, sawa, ilikuwa haki yake. Halafu akapewa mdogo wangu. Huyo mumeo hakumkuta.” Akaikamua tena nepi. “Alipenda kusimama pale pembeni ya tanuri apate joto. Kila mara anaambiwa sogea, kila mara anarudi. Siku hiyo akasema kichwa kinamuuma. Mama akamgusa paji la uso, akasema huna homa wewe, nenda kacheze.”

“Sasa?”

“Mama alikuwa ametoka kutoa mikate, wifi. Mikono yake ilikuwa inawaka. Ungeweka paji gani chini ya mikono ile, lisionekane la baridi?”

Mkwe alihisi maziwa yakimchuruzika kifuani bila mtoto kulia.

“Alipolala hatukuweza kumwamsha tena,” alisema wifi. “Tangu hapo jina hilo halijatamkwa humu ndani, na leo unataka tuliite asubuhi na jioni. Ukiita hilo jina, atakuja nani? Umeshajiuliza?”

“Ameshakuja, wifi.”

Akamsimulia habari ya mkono uliokuta tumbo. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, akajifunika mabega kwa kanga yake ingawa jua lilikuwa kali, na nepi ikamponyoka. Mkwe akaiokota, akaitundika, akaingia ndani. Alimchukua mtoto kutoka kwa baba yake, akapita moja kwa moja hadi tanurini.

Mama mkwe alikuwa amempa mgongo.

“Nimesikia,” alisema. “Watu wanakwambia kweli, mwanangu. Majina mazuri yapo tele. Chukua jingine.”

“Mengine haitikii, Mama.”

“Hilo linatisha.”

“Mimi pia linanitisha.” Akamsogeza mtoto mbele. “Lakini sitaki akue ndani ya nyumba ambayo bibi yake anamwogopa. Nakuomba umguse.”

“Mikono yangu ni ya moto.”

“Tutangoja ipoe.”

Wakangoja. Ndani ya tanuri mikate ilikuwa inaendelea kuiva, na harufu yake ikaanza kubadilika, na hakuna aliyeisemea. Jogoo alitokea upande wa mtungi akiwa na beseni la maji, akaliweka chini taratibu, akaondoka bila kuinua macho. Mama mkwe akaingiza mikono. Aliiacha humo muda mrefu, kisha akaifuta kwa upande safi wa aproni yake, akaipuliza, akaiweka shavuni mwake mwenyewe kuipima, akangoja tena.

Ndipo akaweka kiganja kwenye paji la mtoto. Halafu akaweka shavu. Halafu midomo.

“Hana homa,” alisema. Midomo ilikuwa bado iko pale. “Chausiku. Huna homa.”

Mtoto akafumbua macho. Hakumtazama bibi yake. Alitazama nyuma ya bega lake, upande wa kushoto wa tanuri, kwa utulivu, jinsi mtoto anavyomtazama mtoto mwenzake.

Wifi alikuwa mlangoni, ameyaona macho hayo. “Mimi sina neno tena,” alisema. Na baba mdogo, kutoka ndani, akapaza sauti kwamba yeye atamwita Chamchana mpaka wachoke wenyewe. Waliomcheka walicheka kwa shukrani.

Tangu siku ile mama mkwe alifungua tanuri bila kunyoosha mkono. Alifungua tu, kama waokaji wote. Alasiri alikaa barazani na mjukuu mapajani, akimwita jina lake kwa kila kitu, kwa kumfuta mate, kwa kumwonyesha ndege. Wateja walianza kulalamika kwamba mikate siku hizi imepauka.

Mkwe alipopata nguvu, akashika yeye zamu ya alasiri. Siku ya kwanza alimlaza mtoto chumba cha nyuma, akahakikisha amelala, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Akarudi tanurini. Akakunja kitambaa, akakaribia mlango wa chuma.

Mkono wake wa kushoto ukanyooka.

Hakuwa ameuambia. Ulinyooka wenyewe, usawa wa nyonga, kiganja wazi, na kiganja kikapata joto dogo ambalo halikuwa la tanuri. Alisimama hivyo, kitambaa kikiwa mkono wa pili. Kutoka barazani ilimjia sauti ya mama mkwe akimwimbia Chausiku polepole, na akakumbuka kwamba mtoto amemwacha chumbani, amelala.

“Sogea,” alisema mkwe, kwa upole kadiri alivyoweza. “Moto unatoka.”

Akangoja.

Nyuma yake mumewe alikuwa anapita na trei begani. Alisimama, akaangalia sakafu, akazunguka.