Kasuku Waliokuja kwa Miguu

Siku ya kugawa unga, mwezi wa sita mwaka 1996, Kassim alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake ya matofali mabichi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akikata mche wa sabuni kwa uzi. Saa tatu asubuhi, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu alitokea upande wa barabara ya Madisi, akitembea kwa miguu. Alikuwa na vumbi hadi kifuani. Aliupita mstari wa wanawake wenye mifuko mitupu, akasimama mbele ya meza ya sabuni, akasema kwa sauti ya Safi, "Kassim, chai inapoa."

Safi alikuwa mke wa Kassim. Alizikwa Kindu, mji wao huko Zaire, mwaka 1992.

Kassim aliweka uzi chini, akamwinua ndege bawa la kushoto. Manyoya matatu yalikuwa yamekatwa mshazari na hayajaota tena. Aliutambua mkato wa mkasi wake. Kwa miaka kumi na mitano aliuza kasuku Kindu, mpaka askari walipopora maduka naye akatoka mikono mitupu. Wategaji waliwaleta kutoka msituni ndani ya vikapu, yeye akawakata bawa moja wasiruke, Safi akawalisha ngazi, matunda ya mchikichi, uani hadi apatikane mnunuzi. Huyu alimuuzia mhandisi wa reli.

"Ni wa kwako?" aliuliza mama aliyekuja kununua sabuni.

"Mi njo nilimukata," Kassim alisema kwa Kiswahili cha kwao, akampa kipande chake cha sabuni.

Karani wa kambi, Mrundi mmoja aitwaye Sinzinkayo, alimwandika kasuku kwenye daftari la wanaoingia: mmoja, anatoka Zaire, hana mzigo. Mgao wa chakula hakumpa, kwa kuwa fomu ilitaka alama ya kidole gumba.

Kufikia mwisho wa mwezi wa saba kasuku walikuwa kumi na mmoja. Walikuja kwa aliyewakata, kama mtu anavyorudisha kiatu kwa fundi. Mmoja alijua mlio wa garimoshi likikaribia stesheni ya Kindu. Mwingine alijua kikohozi cha muadhini kabla ya adhana, na mwingine mvua kwenye bati. Waliobaki walikuwa na sauti ya Safi: akiita majirani, akicheka, akimwuliza muuza samaki kama hawa ni wa leo.

Kasuku halali chini, na katika upande ule wa kambi mti ulikuwa umebaki mmoja tu, msuku, mti wa matunda ya porini, uliokuwa nyuma ya nyumba ya Mukakarangwa, mjane wa Kinyarwanda aliyeishi na binti yake Tuyizere. Kassim alimkuta mjane akinoa shoka.

Alimweleza shida yake. Mukakarangwa alisikiliza hadi mwisho.

"Baba Kassim, muti huu njo kuni zangu za mwezi muzima," alisema. "Mi nitapika na nini?"

Lilikuwa swali la haki. Kassim alirudi kesho yake na mzigo wa mabua aliyoombwa kuyaondoa katika shamba la Mmalawi jirani. Wakafinyanga jiko la udongo lenye mdomo mmoja, moto usipotee. Mukakarangwa akaanza kuloweka maharage tangu jioni na kufunika chungu kwa jiwe juu ya kifuniko, na mabua ya siku tatu yakamtosha siku tano. Shoka likarudi ndani. Kasuku wakapanda mti kwa midomo, mmoja nyuma ya mwingine.

Kila alasiri watu wa Maniema, mkoa wa Kindu, walikuja kukaa chini ya msuku kusikiliza kwao. Aliyekuja alileta mabua, au maji aliyokwisha kunawia, akayamwaga kwenye shina. Wazee waliposikia garimoshi walinyanyuka kidogo kwenye mikeka, kama wanaotafuta mizigo yao. Nyumba za jirani nazo zikajenga majiko ya udongo. Kassim alikaa kando kidogo. Safi alicheka juu ya kichwa chake, naye akawa anajua kila mara alikuwa anachekea nini.

Masuku yalipoiva, kasuku waliyala, na manyoya yaliyokatwa yakaanza kuota.

Mwezi wa kumi na moja Kassim alikwenda Lilongwe kununua sabuni. Akikatiza mitaa ya Area 18 alimsikia Safi nyuma ya ukuta. Alibisha hodi. Kwenye baraza, ndani ya tundu, alikuwapo kasuku wa kumi na mbili, mdogo kuliko wote. Mwenye nyumba, Bwana Mwandira, mtumishi wa serikali, alimkaribisha vizuri. Kassim aliomba aachiwe yule ndege. Bwana Mwandira hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na risiti iliyopita mkono hadi mkono, Bukavu, Lusaka, mpaka hapa. Juu yake palikuwa na mhuri wa duka la Kindu na sahihi ya Kassim.

Kassim aliisoma mara mbili. Kila kitu kilikuwa sahihi.

Kasuku akamtazama kwa jicho moja, akasema kwa sauti ya Safi, "Huyu umuache, Kassim. Angalia, iko mudogo bado."

Safi alikuwa amemwambia hivyo uani, mwaka wa mwisho wa uhai wake. Kassim aliukumbuka mkasi mkononi. Alikumbuka pia kwamba hakugeuka, akakata.

"Zikomo," alimshukuru Bwana Mwandira, akamrudishia risiti.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, kasuku kumi na mmoja waliruka kutoka kwenye msuku kuelekea kaskazini-magharibi. Sinzinkayo aliwafuta daftarini: wamerudi kwao kwa hiari. Mukakarangwa alifagia manyoya, akaendelea kuloweka maharage. Mti haukukatwa.

Tangu hapo Kassim huenda Area 18 kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Huosha tundu, hubadili maji, humpa ndege tunda. Bwana Mwandira anapenda kazi yake. Ijumaa moja alimwuliza kama hawezi kumpatia jike, ili huyu asiwe mpweke.

Kassim alisema hana tena watu Kindu, akasuuza kopo la maji, akalirudisha ndani ya tundu na kufunga mlango wake.